Jumamosi Mwandishi Alipokuta Kufuli

Wadogo zangu mnaoachiwa ukumbi,

Mwalimu Kibona alicheka sana nilipomwambia nastaafu. "Unastaafu wewe? Hata magego ya mwisho hayajaota." Acha acheke. Yeye amestaafu kweli, na pensheni anayo. Lakini kazi hii ya kuandaa mazungumzo ya historia na kuwakutanisha waandishi na watu wa kawaida nimeifanya tangu nimalize chuo, na sasa nimepata ajira ya ualimu Chitete, ambako barabara ikilowa hata nia njema haipiti. Sitaweza kuwa Tunduma kila Jumamosi. Kwa hiyo nimestaafu, na mstaafu ana ruhusa ya kuwasumbua waliobaki kwa maneno.

Mnanijua kwa wasiwasi wangu. Mmewahi kuniona nikihesabu viti mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilihesabu haraka. Sitawaambia muwe kama mimi, wala sitawaambia msiwe. Wasiwasi unasaidia kukumbuka betri za kipaza sauti. Hausaidii kumwelewa mtu aliyesimama mbele yako.

Baba yangu ni mkulima wa kahawa kule Mbozi. Nilipomweleza kazi niliyoipata alikuwa anatandaza kahawa juani, akaendelea kutandaza.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuwaita watu waje wamsikilize mtu?"

"Ndiyo, baba."

"Anaongea nini?"

"Historia. Ya kwao wenyewe, mara nyingi."

Akachambua punje moja mbovu, akaitupa. "Na wao hawana vinywa?"

Niliudhika. Nilikuwa na shahada, yeye ananiuliza habari za vinywa. Nilimweleza umuhimu wa maarifa kwa jamii kwa sentensi ndefu ambazo sasa nikizikumbuka natamani kujifunika kanga usoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimsogezee chekeche.

Mazungumzo yangu ya kwanza kabisa niliyaandaa kama nilivyoona yakiandaliwa chuoni. Meza kuu, kitambaa cheupe, maji ya chupa, mgeni rasmi. Tulimsubiri mgeni rasmi mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Alipofika tukatambulisha meza kuu. Kila aliyetambulishwa alisimama na kusema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu usafi wa mazingira na umuhimu wa vyoo. Aliongea vizuri, vyoo ni muhimu. Mwandishi tuliyemwalika alipata muda wa kusoma ukurasa mmoja, wapishi wakaanza kugonga sahani.

Mlangoni mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, yule aliyekaa pembeni na kitabu alikuwa nani?"

Usiku ule sikulala. Mwalimu Kibona, ambaye ndiye aliyeyaanzisha mazungumzo haya kabla yangu na kunikabidhi kidogo kidogo kama mtu anayekabidhi mtoto, aliniambia jambo moja tu. "Ukimwalika kiongozi, mwandikie kwamba umemwalika kuja kusikiliza. Usiandike kufungua. Ukiandika kufungua, atafungua mpaka jioni." Tangu hapo ndivyo ninavyoandika. Na kiti chake nakiweka katikati ya watu. Wengi wao hupenda. Mmoja aliniambia ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ukumbini bila kuwaza atasema nini.

Jambo la pili nililifunzwa na mvua. Mwalimu Kibona kwao ni Mbebe, kule milimani Ileje, na alinichukua tukafanye mazungumzo katika darasa la shule ya kijijini kwao. Mwandishi alikuwa ndio kwanza amefika mahali patamu, mvua ikaanguka juu ya bati. Mnaijua mvua ya Ileje, haina haraka na haina haya. Mwandishi akapaza sauti. Nikampa ishara apaze zaidi. Alipaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watu wakawa wanamtazama kama mtu anayezama upande wa pili wa mto.

Mwalimu Kibona akamfuata, akamshika kiwiko, akamketisha kwenye dawati la mbele katikati ya akina mama. Mwandishi akawasimulia wale wanne. Akahamia dawati la pili, akasimulia tena. Alipofika dawati la nyuma mvua ilikuwa bado inapiga, lakini madawati ya mbele yalikuwa yanabishana yenyewe, vichwa vimegusana. Basi mvua ikija msishindane nayo. Mwandishi ana miguu.

La tatu lilitokea Mbangala. Nilikuwa nimetoka chuo ambako mtu akinyanyua mkono anaambiwa, "Uliza swali, usihutubie." Mzee mmoja akanyanyua mkono, akasema ana swali. Akataja jina lake, la baba yake, kitongoji alichotoka na kwa nini walihama. Alipoanza kueleza mji wa mke wake nikamkatiza. Kwa adabu, lakini nilimkatiza. "Mzee wangu, tunaomba swali." Akakaa. Hakuna mwingine aliyenyanyua mkono siku ile. Mwandishi alirudi nyumbani akidhani watu wa Mbangala hawana la kuuliza.

Tulipokaribia lami Mwalimu Kibona akanigeukia. "Yule mzee," akasema, "alikuwa bado anavua viatu mlangoni. Wewe ukamfungia mlango."

Muwaache wajitambulishe. Hapa kwetu mtu haongei na mtu kabla ya kujua kwao ni wapi. Wawili au watatu wa kwanza watakuwa warefu. Baada ya hapo wanajuana na maswali yanakuwa mafupi yenyewe.

Mengine ni madogo, mtayazoea. Msiweke mazungumzo msimu wa kuchuma kahawa halafu mkalaumu watu wa Mbozi kwamba hawapendi historia. Tangazo la karatasi ukutani linasomwa na walioliandika. Tangazo linalosomwa kanisani baada ya ibada linafika mpaka kwa waliobaki nyumbani kupika. Na ulizeni kila mara, asubuhi ya siku yenyewe, kama kuna msiba mtaani. Kama upo, ahirisheni, mwende msibani. Mtakutana na wasikilizaji wenu wote kule.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ile ya kufuli, maana najua Mwalimu Kibona ameshawadokezea na anaisimulia vibaya.

Wakati ule ukumbi ulikuwa unatuponyoka. Mtendaji wa kata alikuwa ametupa Jumamosi mchana, hadi saa kumi tu, lakini mazungumzo mawili yaliyotangulia yalikuwa yamepooza. Wiki ile aliniita ofisini. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Binti, mimi sina ugomvi na historia. Lakini mara mbili nimeona watu wanatoka mle ndani wakipiga miayo kabla ya saa kumi. Wenye sherehe wananisumbua kila siku, wanautaka huo ukumbi, na wao wanaleta hadi mapambo. Jumamosi hii nitakuja mwenyewe. Watu wakitawanyika tena, nawapa wa sherehe."

"Hawatatawanyika," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti ile. Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilikuwa nimeamua. Ukumbi ule ulikuwa mahali pekee mjini ambapo muuza vitenge na dereva wa lori wangeweza kukaa bure na kuongea na mtu aliyeandika kitabu kuhusu wao.

Tulikuwa tumemwalika mzee Simutowe, mwalimu mstaafu wa Nakonde, aliyeandika kitabu kuhusu familia zilizokatwa na mpaka. Mnajua jinsi tulivyo. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye mstari katikati. Ukivuka, lugha hazibadiliki sana, ndugu ni walewale, lakini saa inarudi nyuma kwa saa moja. Huku ikiwa saa nane mchana, kule ni saa saba. Hata simu ikishika mtandao wa kule inajibadilisha yenyewe, ndiyo maana Tunduma mtu akisema amechelewa kwa sababu ya simu, anaaminiwa.

Mazungumzo yetu yalikuwa saa nane. Mtu asiye na wasiwasi angempigia mzee na kumwambia, njoo saa nane. Mimi nikafikiri. Nikasema, yeye yuko kule, saa yake inasoma saba wakati yetu inasoma nane. Nikimwambia nane atakuja kwa nane ya kwake, atatuchelewesha saa nzima. Basi nimwambie saa saba. Nikampigia, nikamwambia saa saba, akaitika, nikakata simu nikiwa nimejipongeza.

Ila mzee Simutowe amekuwa akivuka kuja Tunduma tangu akiwa kijana. Anajua kwamba mtu wa Tunduma akitaja saa, anataja ya Tunduma. Aliposikia saa saba alifanya hesabu yake ya heshima: saa saba ya huku ni saa sita ya kwake. Akatoka kwake mapema. Mimi nilikuwa nimeigeuza saa kwa ajili yake, naye akaigeuza tena kwa ajili yangu. Akafika ukumbini saa nzima kabla ya wakati.

Akakuta kufuli.

Nililifunga mimi, maana viti vya plastiki vya ukumbi ule vilikuwa na tabia ya kupungua. Na sikuwa mbali. Nilikuwa mpakani, nimesimama na kitabu chake kifuani ili anitambue, nikimsubiri nimpokee kwa heshima. Picha iliyo nyuma ya kitabu ilimwonyesha kijana mwenye nywele nyingi zilizochanwa kwenda nyuma. Nikawa natafuta nywele. Baadaye ilibainika mzee alinipita pale akirudi kwao, kofia mkononi, upara unang'aa, na mimi nikasogea pembeni kumpisha.

Saa nane nilirudi ukumbini mbio, nikafungua. Watu walishajaa barazani. Akina mama wa sokoni walikuja kwa wingi, wazee wawili watatu wenye fimbo, madereva waliokuwa wanasubiri foleni ya malori isogee. Mtendaji akaingia, akakaa kwenye kiti nilichomwekea katikati ya watu, akaangalia saa yake. Mwandishi hayupo.

Nikatoka nyuma ya ukumbi na Mwalimu Kibona, nikapiga simu. Ilipokelewa polepole.

"Shikamoo, mzee. Tunakusubiri."

"Marahaba, mukwai," akaongeza neno la heshima la kwao. "Mnanisubiri wapi?"

"Ukumbini, mzee wangu."

"Ukumbini nimeshafika. Nimesalimiana na kufuli lenu. Halikuitika."

"Mzee, ile saa saba nilikuwa nakutajia ya kwako. Nilitaka kukurahisishia."

"Tangu lini mtu wa Tunduma akataja saa ya Nakonde?"

"Ungenipigia, mzee, ningekuja mbio."

"Mgeni hapigi simu kuuliza kama anakaribishwa. Umenirahisishia kweli, mwanangu. Sasa niko nyumbani, nimevua viatu."

Akakata. Nikamwambia Mwalimu Kibona naenda kumfuata, nitapiga magoti ikibidi. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi kwenye swali la mtihani mwingine.

"Wewe ukienda atakusamehe hapohapo, kwa sababu wewe ni mtoto. Atakusamehe, na hatakuja. Mimi ni rika lake. Tutagombana, tutatajiana miaka, halafu tutakuja wote."

"Na hawa waliomo ndani?"

"Hawa ni wako," akasema. Alikuwa tayari anamwita mtu wa bodaboda.

Nawaomba mnielewe hapa. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu kwa zaidi ya kusema karibuni na asanteni. Kazi yangu ilikuwa viti, spika, na kukaa nyuma. Nilisimama mlangoni nikafikiria kuwaambia wameahirishiwa. Nikamwona mtendaji amekunja mikono. Nikawaza, wakitoka sasa hivi, hawarudi, na ukumbi umekwenda. Nikaingia. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele, mikono nimeishika nyuma kama mlinzi.

Nikawaambia ukweli. Nikawaambia mwandishi alikuja, akakuta nimefunga, na kosa ni langu la saa, nikaeleza lilivyotokea. Kisha dereva mmoja nyuma kabisa akasema, "Dada, saa ya huku ukiichanganya na ya kule unaweza kuolewa mara mbili siku moja." Ukumbi ukaangua kicheko. Mtendaji naye akacheka, kidogo, akakumbuka amekunja mikono.

Kicheko kikaisha. Na ghafla nikamsikia baba anauliza, na wao hawana vinywa?

"Nani hapa ana ndugu upande wa pili?" nikauliza.

Mikono yote. Hata wa mtendaji ukapanda nusu, ukashuka.

"Nani ana ndugu amezikwa upande wa pili?"

Mikono ikapungua, lakini si sana. Nikamwonyesha mzee wa fimbo mstari wa mbele, nikamwomba atuambie. Akaanza na jina la babu yake. Nikaikumbuka Mbangala, sikumkatiza. Alieleza bibi yake alivyokuwa na nyumba huku na shamba la ulezi kule, na jinsi alivyokuwa akisema anakwenda shamba, mpaka siku alipoambiwa kwamba sasa anakwenda nje ya nchi. "Akauliza, nje ya nchi na jembe?"

Dereva yule yule akadakia, "Mzee, bibi yako ndiye wa kwanza kufanya biashara ya kimataifa."

"Nyamaza wewe, kwenu Makambako, mpaka unauona kwenye foleni tu," mama mmoja akamrushia.

"Mke wangu ni wa Nakonde!"

"Basi wewe ni mzigo. Umevushwa."

Wakacheka tena, na mikono ikaanza kunyanyuka bila mimi kuuliza. Nilichofanya ni kuonyesha tu nani anafuata. Sikuangalia saa. Ni siku pekee katika kazi hii ambayo sikuangalia saa.

Ndipo akasimama Mama Neema. Anauza vitenge sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia wateja kutoka barabara ya pili. Siku ile aliongea taratibu.

Akasema mama yake aliishi Nakonde na alikufa kipindi mpaka ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa. Hakuna kupita, si kwa miguu wala kwa kuomba. Yeye na wadogo zake walikwenda wakasimama upande wetu, mahali palipo wazi, ambapo waliweza kuona watu wamekusanyika mbali, kwenye makaburi. Walinzi wakawaambia wasisogee. Wakakaa pale.

"Tukaona wamekusanyika. Tukajua ndiyo wakati. Mdogo wangu akaanzisha wimbo, ule mama aliokuwa anaupenda kanisani. Tukaimba. Tuliimba kwa nguvu mpaka yule mlinzi akavua kofia." Akafunga vizuri mtandio. "Mpaka leo sijui kama kule walitusikia. Ndugu zangu wapo, ningeweza kuwauliza. Sijawahi. Naogopa wataniambia hapana."

Hakuna aliyetoa utani. Niliponyanyua macho nikawaona mlangoni Mwalimu Kibona na mzee mwenye upara, kofia mkononi. Sijui walikuwa wamesimama pale kwa muda gani. Mzee Simutowe hakusubiri kukaribishwa. Alipita katikati ya viti, taratibu, akasimama karibu na Mama Neema.

"Mulishani, mama," akamsalimu. "Wewe ni binti wa mama Nakamba? Aliyekuwa na nyumba karibu na kisima cha kanisa?"

"Ndiye mama yangu."

"Nilikuwa kaburini siku ile. Alikuwa jirani yangu." Akaweka kofia juu ya kiti. "Mchungaji alikuwa anaomba. Jeneza liko juu ya kamba, vijana wameshika. Ikaja sauti kutoka huku. Mchungaji akakatiza sala. Hakuna aliyemwambia. Akanyamaza tu, na sisi wote tukageuka huku."

Mama Neema alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Vijana wakauliza, tushushe? Mjomba wako akasema, hapana, wenye mama yao bado wanaimba. Tukawasubiri mpaka mkamaliza. Ndipo tukashusha."

"Mlitusubiri?"

"Tuliwasubiri, mama."

Akakaa chini, Mama Neema, na wenzake wa sokoni wakamzunguka. Mzee Simutowe akabaki amesimama. Alikuwa na hotuba mfukoni, niliiona ncha ya karatasi. Hakuitoa. Aliwageukia watu akasema kwamba jambo lile halimo katika kitabu chake. Alilikumbuka miaka yote, lakini aliogopa kuliandika kwa sababu alilijua upande mmoja tu. Hakujua ni yupi kati ya watoto alianzisha wimbo, wala walisimama wapi, wala kama waliona chochote. Akamwomba Mama Neema, akipenda, amweleze tangu mwanzo. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yake, kama wanavyokaa watu wanaofundishwa, na sisi wote tukasikiliza mara ya pili.

Saa kumi ilifika. Nilijua kwa sababu watu wa sherehe ya kumuaga bibi harusi walitokea mlangoni na mapambo yao, vitambaa vya zambarau na maua ya plastiki. Nikaruka kwenda kuwaomba radhi. Shangazi wa bibi harusi akaniwekea kidole mdomoni. "Subiri kwanza, huyu mama anaongea." Wakasimama na maua yao mikononi.

Alipomaliza tuliwaachia ukumbi haraka, kwa sababu ahadi ni ahadi. Watu hawakuondoka. Walihamia barazani na kuendelea, mzee Simutowe katikati, akiulizwa maswali mafupi mafupi, nakala aliyokuja nayo ikipita mkono kwa mkono. Mwalimu Kibona aliniambia wamegombana njia nzima, na kwamba mzee alikubali kuja kwa sharti moja, aonyeshwe mtu aliyelifunga kufuli. Nikajionyesha. Mzee akanitazama, akatazama kitabu nilichokuwa bado nimekikumbatia, akaigonga ile picha ya nyuma.

"Huyu ulimsubiri mpakani?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata mimi namsubiri. Hajarudi."

Mtendaji alitoka mwisho, amebeba viti viwili ambavyo wenye sherehe hawakuvihitaji. Akaviweka chini mbele yangu. Nilijiandaa.

"Jumamosi ijayo anakuja mwandishi gani?"

Sikuwa na mwandishi. Kwenye daftari langu Jumamosi ile ilikuwa tupu. "Anaongea Mama Neema," nikasema, "na akina mama wenzake."

"Hao si waandishi."

"Mwandishi atakuwepo. Mzee Simutowe anakuja kuwasikiliza."

"Mlango ufunguliwe mapema," akasema, akaondoka.

Basi wadogo zangu, ukumbi ni wenu. Mkimwalika mtu wa ng'ambo, msimgeuzie saa na msimwache awageuzie. Mpigieni, mwulizeni, "Saa yako hapo inasoma ngapi sasa hivi?" Akitaja, mwambieni yenu inasoma ngapi, halafu hesabuni pamoja kwa sauti, kama watoto. Mtaona aibu. Oneni aibu tu.

Mkiogopa, na mtaogopa, ingieni mkiwa mnaogopa. Mikono shikeni nyuma.

Ufunguo uko kwa mama anayeuza chapati mkabala na ukumbi. Mwambieni nimewatuma mimi. Atawauliza kama mmekula, semeni bado. Na Jumamosi fungueni asubuhi, hata kama mazungumzo ni mchana, mpange viti, mkae mlangoni. Anaweza kuja mtu aliyewahi.